Bomba Lililonywesha Maua

Mtaani walimwita Koki, na wengi hawakujua kama ana jina jingine. Alikuwa fundi bomba tangu ndevu zinamwota, na zilikuwa chache nyumba za mtaa ule ambazo hajawahi kulala chali chini ya sinki zake. Ukimwita alikuja na kikapu chake cha spana, akatega sikio kwenye ukuta kama anayesengenywa upande wa pili, na kabla chai yako haijapoa kazi imekwisha. Ila kwake mwenyewe, nyuma ya jiko, bomba lilivuja chini ya ardhi miaka nenda miaka rudi, na mkewe alishakaukwa na koo kwa kulisema.

"Kesho," Koki alikuwa akimjibu. Kesho hiyo sijui ilikuwa ikitokea wapi, maana haikufika.

Mkewe, aliyekuwa mshonaji, naye alikuwa na lake. Chini kabisa ya uwanja wa nyuma, pale ardhi inapoinama, palikuwa na kipande chenye majani marefu na udongo wa majimaji, na humo ndani ya majani alipanda maua ya buluu. Si maua ya dukani. Ni ya asili ya pale pale, yanayoota yenyewe kwenye mbuga zenye unyevu: shina limesimama wima, maua madogo yamelipanda kutoka chini hadi kileleni, buluu iliyokolea kama sare mpya ya shule. Mama mzazi wa mshonaji huyu alikulia kando ya mbuga kama hiyo. Ikafukiwa kwa kifusi, yakajengwa maghala. Kabla malori hayajamaliza kazi, bibi yule alichimba shina moja na mizizi yake, akamletea binti yake ndani ya sufuria kuukuu. Kisha akafariki. Shina likagawanywa, likagawanywa tena, mpaka likajaza kile kipande. Hakuna kingine kilichobaki cha mbuga ile, na Koki alilijua hilo vizuri sana.

Basi binti yao wa kwanza akajifungua mbali huko, na mama akafunga mizigo kwenda kumuuguza. Mlangoni akageuka.

"Baba watoto, nisikilize. Majani usiyafyeke mpaka mbegu zianguke. Mbolea usitie hata kiganja, itanenepesha majani maua yazidiwe. Na maji usimwagilie, hayajawahi kuhitaji. Kwa kifupi, usiyaguse."

"Siyagusi."

"Apa."

"We mwanamke, gari litakuacha."

Nyumba ikawa kubwa ghafla. Kwa upweke, na kwa mapenzi pia, tusimnyime haki yake, Koki akaona amfanyie mkewe jambo la kumfurahisha akirudi. Akachimba nyuma ya jiko, akatoa kiungo kilichooza, akaweka kipya, akakikaza mpaka mkono ukamuuma. Akachuchumaa kusikiliza. Kimya. Akajisifu kwa sauti, na kwa kuwa hapakuwa na wa kumpinga, akajisifu tena.

Kiangazi kilikuwa kimeshika. Maua yalikuwa ndiyo kwanza yanafunga vitumba, mara vitumba vikainama. Majani yakaanza kugeuka kahawia pembeni, halafu katikati. Koki akavaa miwani, akageuza jani moja moja kutafuta wadudu. Hakuna. Akakumbuka alivyoambiwa asimwagilie, akaiweka ndoo chini. Mkewe akipiga simu kuuliza, "Maua yangu hayajambo?" alijibu, "Yapo," na kweli yalikuwepo, kama mgonjwa mahututi anavyokuwepo. Akikata simu alibaki na roho juu.

Siku aliyogundua, alikuwa ametoka kule bondeni kwenye maua akaingia jikoni na ndala zake, akasimama katikati ya sakafu akingoja kufokewa. Mazoea tu, mkewe hakuwepo. Miaka yote alikuwa akirudi kutoka kwenye yale maua na ndala zimejaa matope, na miaka yote alikuwa akifukuzwa jikoni. Akazitazama. Safi. Kavu kabisa, hata chembe ya tope. Akatazama bondeni, akatazama nyuma ya jiko. Aliyekuwa akiyanywesha yale maua ni bomba bovu, na yeye ndiye aliyelinyamazisha.

Akakimbilia spana. Akachimba upya, akafungua bomba, akatia koki ndogo na kuiacha wazi kidogo, iwe inadondoka kuelekea bondeni. Mtu aliyekula jasho lake maisha yote kwa kuziba, leo anapima kwa sikio namna ya kuvujisha! Akabeba na ndoo, asubuhi na jioni. Lakini mashina yalikuwa yameshakauka, yakaanguka moja baada ya jingine, na bondeni pakabaki vijiti.

Mkewe aliporudi, Koki alimngoja getini. Hakumwacha hata atue begi.

"Nimeua maua ya mama," alisema, na akaeleza yote bila kuruka neno.

Mke akatua begi. Akashuka bondeni na gauni lake la safari, Koki nyuma yake kama mshtakiwa. Akapiga magoti, akafukua udongo kwa vidole kuzunguka kijiti kimoja. Akahamia cha pili. Cha tatu akakawia nacho, na Koki akaona mabega yake yanashuka.

"Njoo uone."

Chini kidogo tu, kwenye shingo ya mzizi, vilikuwa vimechomoza vichipukizi vyeupe vyenye ncha za kijani, vinene, vimejaa maji.

"Kila mwaka hufa juu, mizizi ikabaki," mkewe alisema akifuta macho kwa mkono wenye udongo. "Hujawahi kuona?"

"Sijawahi."

"Utaona saa ngapi, uko chini ya sinki za watu." Kisha akaangua kicheko. "Na mimi miaka yote nakusumbua utengeneze! Ungekuwa na bidii, yangekufa zamani."

Mvua zilipoanza bonde likajaa majani mabichi, na baadaye shina la kwanza likapanda na buluu yake, jembamba kuliko ya miaka ya nyuma, lakini ni lenyewe. Koki alilitazama mpaka akaridhika, akarudi ndani kunywa maji.

"Wewe!" mkewe alifoka kutoka kwenye cherehani. "Matope hayo jikoni kwangu!"

Koki akasimama pale pale, hakuzivua ndala. Alitaka kufokewa tena.