Chekundu Kinakwenda Kushoto

Shangazi yangu alikuwa anauza mitumba Tandale, na siku moja katikati ya belo la makoti alikuta visahani viwili vya plastiki, kimoja chekundu, kingine cha buluu. Vilikuwa vizito kuliko vilivyoonekana, na kingo nene zilizochongoka kwa nje. Akaamua kuwa ni mifuniko iliyopotezana na ndoo zake, akamletea mama. Chekundu kikafunika mtungi wa maji, cha buluu kikafunika kopo la sukari. Miaka mingi baadaye nilikuja kuambiwa kwamba ni vifaa vya mchezo, kwamba wenzetu huko nje huvirusha kulenga vikapu vya chuma, na kwamba wanavyo vya namna nyingi, kila kimoja na tabia yake hewani. Habari ya tabia tulishaijua kwetu Chang'ombe. Vikapu ndivyo hatukuwa navyo.

Aliyegundua ni baba. Alifunua mtungi anywe maji, akamwona kuku anadonoa unga wa mama, akamrushia kile kifuniko. Kuku hakuguswa. Kisahani kilipita juu yake, kikavuka kiwanja kilichokuwa mbele ya nyumba yetu, kikaenda kimenyooka mpaka karibu na ukuta wa ghala, kisha kikainamia kushoto na kutua taratibu. Baba alisahau kiu. Akaenda kukifuata mwenyewe, na baba hakuwa mtu wa kufuata kitu mwenyewe.

Alikuwa seremala, na kazini kwake alikuwa na mtani wake, Mnyamwezi wa Tabora. Sisi Wazaramo. Walitukanana kutoka asubuhi mpaka jioni, kama inavyotakiwa, na hakuna aliyeruhusiwa kununa. Mtani huyu alikuwa anatumia mkono wa kushoto. Shuleni walimchapa mpaka akaandika kwa kulia, na kwao mama yake alimfundisha kula na kupokea kitu cha mtu kwa kulia, lakini nyundo, randa na kila cha kurusha vilibaki kushoto. Baba alimwambia hata mbao zinamshangaa.

Basi kila Jumapili alasiri walisimama kiwanjani wakipima visahani. Mimi nilikuwa barazani na cherehani yangu, nikisikiliza, nikiudhika. Maji yalibaki wazi, sukari ilibaki wazi, sisimizi wakajialika. Juu ya cha buluu hawakuelewana hata kidogo, wakakiita kigeugeu, wakakirudisha kwenye sukari. Juu ya chekundu walikubaliana kwamba kina msimamo. Ugomvi ulikuwa msimamo wenyewe uko wapi. Baba alisema mwishoni kinakwenda kushoto, akarusha, kikaenda kushoto. Mtani akasema kinakwenda kulia, akarusha, kikaenda kulia. Kila mmoja akamweleza mwenzake kwamba hajui kurusha. Walijaribu wakati wa upepo na wakati hakuna upepo. Walikilowesha. Walikianika. Nami niliyekuwa nawatazama kila wiki, na macho yangu mazima, niliona wazee wawili wakaidi, basi.

Kisha baba akashikwa na kifua. Alikonda, akaacha karakana, mwisho akaacha na kiwanja. Mtani alikuja kila siku akitoka kazini. Alisimama mlangoni akamwuliza mbona anachelewesha watu, pilau ya msiba wataila lini. Baba alicheka mpaka akakohoa. Halafu akamwambia, kila siku, neno lile lile: akubali tu kwamba chekundu kinakwenda kushoto. Hakuwa anatania tena, sauti yake ilionyesha. Alitaka kuaminiwa. Mtani akamjibu kinakwenda kulia, na kama anabisha ainuke wakapime.

Nilimchukia yule mtu. Jioni moja nikamfuata mpaka nje, nikamwamkia shikamoo kwa meno yaliyofungwa, nikamwuliza atapungukiwa nini akikubali.

Akatazama mlangoni kwanza. "Mwanangu, mie nikikubali, atajua anakufa."

Nikarudi ndani nikaendelea kumchukia, lakini kwa shida.

Baba alifariki alfajiri, na adhuhuri jeneza lilikuwa tayari kutoka. Watani wakafanya kazi yao. Mmoja alivaa kofia ya marehemu kinyumenyume, mwingine akamlilia kwa kumwigiza anavyokoroma, na wanawake waliokuwa wanalia wakajikuta wanacheka na kulia pamoja. Yule wa Tabora alijilaza mbele ya mlango, akasema maiti haitoki. Wana kesi yao haijaisha. Akataka aletewe chekundu.

Mama hakuwa amesema neno tangu alfajiri. Akanitazama, akaelekeza kidevu kwenye mtungi. Nikakitoa, nikampelekea.

Aliinuka, akakipokea kwa kulia, akageukia kiwanjani, akakihamishia mkono wa kushoto kama siku zote. Hapo akaona jeneza liko ubavuni pake na shehe amesimama mbele yake. Mtani anaruhusiwa mengi msibani, hata kuigiza mkoromo wa maiti, lakini malezi ya mama yake yalimkatalia mkono ule mahali pale. Akakirudisha kulia. Akarusha vibaya, kama mtu anayeandika kwa mkono usio wake.

Kilikwenda kimenyooka mpaka karibu na ukuta wa ghala. Kikainamia kushoto, kikatua.

Mtani alitazama mkono wake wa kulia, akautazama wa kushoto, na mimi nikaelewa pale pale alipoelewa yeye. Walikuwa wanasema kweli wote wawili, kila mmoja kwa mkono wake, miaka yote ile, na walibaki kuitana wajinga kwa furaha. Nililia kwa sauti kwa mara ya kwanza siku ile.

Mtani wa maiti halii, hiyo si kazi yake. Huyu aliinama, akaweka kiganja juu ya jeneza, kile cha kulia.

"Haya bwana," akamwambia. "Kushoto."

Akakaa chini mchangani, ikabidi wamnyanyue ili jeneza lipite. Wanaume walipokwisha kukata kona ya ghala, mama akasema neno lake la kwanza.

"Kakiokote. Maji yako wazi."