Paswadi ya Dada Mwanawema

Watu wa Madungu watakwambia dada yangu Mwanawema ana moyo mpana. Mie niliyelala naye mkeka mmoja utotoni nasema moyo huo hauna mlango. Mbuzi yake ya kukunia nazi huikuti kwake, iko mtaani inazunguka. Masufuria yake yamepika pilau za harusi ambazo mwenyewe hakualikwa. Mwaka mmoja jirani alioza binti yake, kitanda cha bibi harusi kikavunjika tendegu siku yenyewe, dada akatoa chake. Yeye na mumewe Hafidh wakalala chini mpaka kitanda kiliporudi, nacho kilirudi maharusi wakiwa na mtoto anayetambaa. Ukimsema, anajibu, "Kaka Nyange, aliyekuja kuomba keshaimeza aibu yake. Mie nani nimtapishe?"

Basi bintiye Shadya, aliyeolewa Maskati, alipomtilia waifai nyumbani ili waonane kwenye simu, mtaa mzima ukajua kabla hata fundi hajashuka kwenye ngazi. Jirani wa kwanza akaja kuomba paswadi, akapewa. Wa pili akapewa. Wa tatu dada akachoka kuitamka, akachukua mkaa jikoni akaiandika kwenye ukuta wa baraza, herufi kubwa, kila apitaye aisome. Hafidh aliutazama ukuta wake alioupaka chokaa kwa ajili ya Sikukuu, akatikisa kichwa, akaingia ndani. Alijua ameoa nini.

Hafidh amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Dada akaingia edani, na mie ndugu yake wa tumbo moja nikafunga kibanda changu cha kutengeneza redio Konde, nikaja kukaa naye. Na nisifiche sifa zangu: hakuna kitu chenye waya Pemba hii ambacho mkono wangu haujakifungua. Vingine nimevifunga pia.

Shadya akaona mama yake hatoki, macho yana mtoto wa jicho, msahafu hausomeki kwake tena. Akamletea kimashine cha muziki, ukubwa wa kopo la samli, kimevikwa kitambaa cha kijivu. Hakina kaseti, hakina sahani, hakina hata mahali pa kutia kidole ukajiona fundi. Sauti yote kinaivuta kwenye neti. Dada akakiita santuri, maana kwake kila kinachotoa sauti bila mdomo ni santuri. Akawa kila baada ya Alasiri anakaa chumbani, santuri inamsomea Qur'ani na mawaidha, naye thawabu zake anamhadia Hafidh. Uso wake ukaanza kurudi.

Halafu mashetani yakaingia.

Kwanza santuri ikawa inakatika. Shehe yuko katikati ya neno, kimya. Taa yake inazunguka, inazunguka, kama mtu aliyepoteza kiatu msikitini. Nikaitazama kwa jicho la kitaalamu, nikaipiga kofi mgongoni. Redio zote za Konde zinalielewa kofi hilo. Huyu hakulielewa. Nikaipandisha ruta, kile kisanduku cha neti, juu ya kabati, nikavua kitambaa cha kufuma ambacho dada aliifunika nacho isipatwe na husuda, nikazielekeza antena zake Maskati, nikijua huko ndiko pesa ya neti inakotoka. Santuri ikasema neno moja la Kizungu na kulala.

Lakini kukatika ni afadhali. Siku ya pili yake, shehe anazungumza juu ya subira ya mfiwa, na dada anatikisa kichwa kwa huzuni, shehe akakatika. Kabla sijanyanyuka ikaingia zumari, ikaingia ngoma, na mwanamke mmoja akaanza kumlalamikia mpenzi wake kwa sauti ya kupasua mabati.

"Kaka! Zima! Niko edani mie!" Dada kajifunika kanga mpaka usoni.

Nikatafuta swichi. Hakuna. Nikaizungusha, nikaigeuza kichwa chini, yule mwanamke anazidi kulalamika. Nikaikalia. Wimbo ukaendelea kutoka chini yangu, na nje watoto wa chuo cha Qur'ani wakasimama kusikiliza. Nilipokumbuka kuchomoa waya, mpenzi keshasamehewa.

Kesho yake tena. Na keshokutwa. Saa za jioni, pale pale watu wanapotoka msikitini.

Mji wetu wa Chake Chake hauhitaji redio kutangaziwa jambo. Habari zikafika Wingwi kwa Mzee Jaribu, kaka wa marehemu, naye akanipigia simu. Hakuuliza hata hali.

"Nyange, nasikia nyumba ya ndugu yangu imegeuka ukumbi."

"Mzee, ni mashine tu, ina hitilafu..."

"Ijumaa baada ya sala nakuja na gari. Shemeji atakuja kumalizia eda huku, mbele ya macho yangu."

Kitabu kinasema mjane amalizie eda nyumbani kwa mumewe, na Mzee Jaribu amekisoma kitabu hicho kuliko mie. Lakini akikasirika husahau alichosoma. Nilipomwambia dada, hakulia. Alishika ukuta tu.

"Nyumba hii Hafidh kaijenga kwa mkono wake," akasema. "Nikitolewa humu kwa aibu, nitarudi na uso gani?"

Utasema: si mngeing'oa santuri mkaitupa? Nilisema vivyo hivyo. Akanikata jicho. "Niikate Qur'ani ya mume wangu kwa sababu weye hujui kuitengeneza?"

Neno hilo liliniuma, yakhe. Nikamwita Vuai.

Vuai ni kijana wa hapo hapo mjini, fundi wa simu na neti, ana ndevu mbili na begi kubwa. Lakini si maharimu wa dada, na mjane yuko edani, kwa hiyo chumbani haingii. Akakaa barazani, pazia limeshushwa mlangoni, mie ndani nikawa mikono yake. Hapo ndipo nilipojua kuwa kumtumikia mtu aliye mdogo kuliko viatu vyangu ni adhabu isiyotajwa.

"Mjomba, uko karibu na ruta?"

"Niko juu ya kiti, nimeikumbatia."

"Taa zinawaka au zinakonyeza?"

"Zinanikonyeza, na mie mtu mzima."

"Sawa. Chomoa ruta."

Nikachomoa. Feni ikasimama.

"Mjomba, naisikia feni imezima."

"Nilikuwa naijaribu."

Nikachomoa tena. Dada akasema kwa upole kwamba lile ni friji, na ndani mna samaki. La tatu ndilo lililokuwa ruta.

"Sasa sikiliza," akasema Vuai. "Unaiwasha ruta kwanza. Unaingoja ipate akili zake, taa zitulie. Kisha ndiyo unawasha santuri. Ukiziwasha pamoja, santuri inaamka kabla ya neti, inaita, haiitikiwi, inasusa."

Nikasema nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa. Lakini mie sikufika darasa la saba kwa kuwa sina subira ya kungoja vitu vipate akili. Nikaziwasha pamoja. Santuri ikasusa.

"Mjomba, umezingoja taa?"

"Zilikuwa zinachelewa."

Nikamsikia Vuai anavuta pumzi ndefu kule nje. Tukarudia. Safari hii dada mwenyewe alinishika shati mpaka taa zikatulia, na santuri ikaja, shehe akarudi na subira yake. Nikapiga kelele, "Nimeitengeneza!"

Shehe akakatika.

"Bi Mwanawema," Vuai akauliza kupitia pazia, "neti hii mnatumia watu wangapi?"

"Wachache tu, mwanangu. Wa hapa hapa."

Nadhani ndipo alipogeuka akauona ukuta uliokuwa nyuma ya kichwa chake. "Mjomba Nyange, haya maandishi ya mkaa ndiyo paswadi?"

"Ndiyo."

"Na hawa vijana wa bodaboda waliojipanga hapa na simu?"

"Hao ndio wa hapa hapa," dada akasema.

Vuai akatueleza, na naomba kukiri alieleza vizuri kwa mtu wa umri wake. Simu zikiwa nyingi kwenye neti moja zinavuta zote kwa pamoja, santuri inabaki na tone, ndiyo inakatika. Hilo la kwanza. La pili baya zaidi: simu yoyote iliyomo kwenye neti ya nyumba inaiona santuri kwenye kioo chake, na mwenye simu akiminya jina lake, hata kwa bahati mbaya, wimbo wake unatokea chumbani kwa dada.

"Kwa hiyo kuna mtu," nikasema.

"Kuna mtu, na hajijui."

Hajamaliza, ikasikika salamu nje. Rajab, jirani wa ukuta kwa ukuta, muuza misumari na rangi, mtu wa safu ya mbele msikitini. Kanzu imepigwa pasi mpaka inakata. Nilitoka nje kumpokea.

"Mzee Nyange, mie nimevumilia," akaanza. "Bi Mwanawema namheshimu kama dada yangu. Lakini nyimbo za jioni katika nyumba ya eda? Nimeona bora nimwarifu Mzee Jaribu, na niliona uchungu kumwarifu."

"Ahaa! Kumbe ni weye!"

"Ni haki ya ujirani. Kuhimizana mema." Akageukia begi la Vuai, na sauti ikalainika. "Na hapo hapo, fundi, maadamu upo, nina kispika changu kipya nyumbani. Siku ya ngapi hii sijui kimekufa. Naminya simu, kimya. Naongeza sauti, kimya. Nikitoka uani ndiyo nasikia hawa huku wanapiga muziki. Na kinachoniudhi zaidi, wimbo wenyewe ni ule ule nilioutaka mie!"

Vuai akamtazama. Mie nikamtazama Vuai.

"Hebu nioneshe unavyominya, mzee," Vuai akasema taratibu.

Rajab akatoa simu mfuko wa kanzu, akaishika mbali na macho kama wanavyoshika wenye kuhitaji miwani na hawataki. "Unaona? Naingia hapa. Nyimbo. Halafu spika, hii ya juu. Naminya hivi..."

Ndani ya nyumba zumari ikalia. Dada akapiga ukelele. Mpenzi akaanza kulalamikiwa.

"Umeona?" Rajab akasema kwa hasira. "Kwangu kimya, kwao ndiyo kwanza wanaanza!"

"Minya tena," Vuai akasema.

Akaminya. Kimya kote.

"Tena."

Zumari.

"Tena."

Kimya. Vijana wa bodaboda wakaweka simu zao chini. Mmoja akageuza uso ukutani, mabega yanamtikisika. Rajab akaitazama simu, akalitazama pazia, na nikaona jambo linampanda shingoni, wekundu kwa wekundu, mpaka kwenye kofia.

Mie nilikuwa nimeandaa maneno. Maneno ya mwaka mzima, yakhe, yamenifika ulimini, ya kusimuliwa mpaka Micheweni. Lakini sauti ya dada ikatoka nyuma ya pazia kabla yangu.

"Rajab, baba, hujambo? Hiyo santuri ina matatizo, inashika kila mtu. Hata Kaka Nyange imemtesa. Ukirudi, salimia nyumbani."

Kamfunika! Mtu aliyetaka kumtoa nyumbani, kamfunika kwa shuka yake mwenyewe, na kwenye uchafu kanitia mie! Nilitaka kuuma nguzo.

Rajab akasimama pale. Halafu, nimpe haki yake, hakwenda nyumbani. Alimpigia Mzee Jaribu pale pale barazani, mbele ya bodaboda wote. "Mzee, ule wimbo ni wangu," akasema. "Ndiyo, wangu. Simu yangu. Bi Mwanawema hana kosa." Akasikiliza muda mrefu, anaitikia, "Naam. Naam, mzee. Naam." Alipokata simu, jasho lilikuwa limeharibu pasi yote.

Ikabaki santuri. Vuai akasema dawa ni moja: futa ukuta, badilisha paswadi, asipewe mtu. Maana leo ni Rajab, kesho atakuwa mwingine, na si kila mtu atampigia Mzee Jaribu simu kukiri kama yeye.

"Sifuti," dada akasema.

"Bi Mwanawema, lakini..."

"Mwanangu, watoto wanasomea mitihani kwenye neti hiyo. Kuna mama hapo nyuma mwanawe yuko safarini, wanaonana kwa neti hiyo. Niwafungie? Basi gari la Wingwi na lije."

Nikaingia ndani nikamwambia ni mkaidi. Akaniambia ni urithi. Nikamwambia Vuai aongee naye, nikamwambia dada amsikilize Vuai, nikapiga kabati, ruta ikaanguka kutoka juu yake, nikaidaka. Sifa hiyo isisahaulike.

Vuai akagonga gonga sakafu ya baraza. Mwishowe akasema, "Bi Mwanawema, mie hapa nimekaa wapi?"

"Barazani."

"Umeninyima kitu? Nimepewa chai, nimepewa mkate wa kumimina. Lakini nimeingia chumbani?"

"Hapana. Kwa nini uingie?"

"Basi ruta inaweza hivyo hivyo. Inatoa neti mbili. Moja ya baraza, yeyote akae. Nyingine ya ndani, yako na santuri yako tu. Wa barazani hawaioni ya ndani, na tutawapimia kiasi wasikumalizie."

Nyuma ya pazia dada akacheka, mara ya kwanza tangu Hafidh kuzikwa. "Nyote mna akili hivi na mmenitia ukelele tangu asubuhi! Si useme baraza na ndani? Nani asiyejua baraza na ndani?"

Ikafanywa. Mie ndiye niliyeminya, Vuai akitamka herufi moja moja. Paswadi ya ukutani ikabaki vile vile, ya baraza. Ya ndani dada akaitunga mwenyewe, akainong'oneza simu yake ikaiandika, wala mie sikuisikia.

Ijumaa Mzee Jaribu alikuja kweli, na gari kweli, lakini gari lilikuwa na ndizi na kuku. Akakaa barazani, akala, akauona ukuta, akatoa simu yake na kuisoma paswadi kwa sauti. Chumbani santuri ilisoma mpaka Magharibi bila kukatika hata herufi.

Jioni ile nilimwambia dada, "Haya, na mie nipe hiyo ya ndani, simu yangu ipumue. Mie ndiye niliyeitengeneza."

"Kaka, weye barazani."

"Mie? Ndugu yako wa tumbo moja?"

"Barazani panakutosha."

Nimemwomba mara nyingi tangu hapo, kwa maneno matamu na machungu. Hatoi. Umri wote huo Mwanawema hajawahi kumnyima mtu kitu, na wa kwanza kunyimwa ni mie. Nendeni Madungu mkaulize kama yupo mwingine mwenye cheo hicho.