Drafti Langoni

Wakiuru, Mama Beth kwa majirani, hufuma sweta za shule kwa mashine ya mkono pale Majengo, Nyeri, na kati ya sweta moja na nyingine hucheza drafti. Hajatembea tangu akiwa na miaka minne, lakini wanaume wa mtaa mzima amewashinda, akala hata kingi zao, mpaka wengine wakipita kibandani mwake hujifanya wanaongea na simu.

Kwa hivyo bustani mpya ya mji ilipotangaza mashindano ya drafti "kwa watu wote", alijiandikisha wa kwanza. Jumamosi saa tatu kamili akafika langoni na kiti chake cha magurudumu. Kikakwama.

Vyuma vitatu vilikuwa vimesimikwa pale, kimoja huku, kimoja kule, ati pikipiki zisiingie. Mtu wa miguu hupita akijipinda. Kiti hakijipindi. Na pikipiki zenyewe? Zilishatoboa ua wa kayaba, zinapita juu ya kibao chembamba kilichowekwa mtaroni, abiria wakiwa wamekaa.

"Mama Beth, wacha nikubebe," akasema Gatimu, askari wa lango.

"Na kiti?"

"Kitakungoja hapa."

"Nikitaka kwenda choo?"

Gatimu akashika chuma cha kati, akakitikisa; hakikusogea.

"Mwezi jana niliwaambia mngoe chuma moja. Moja tu, Gatimu."

"Lazima kuwe na barua."

"Nilileta barua."

"Basi iko ofisini."

"Ofisi iko wapi?"

"Gorofa ya pili, hapo juu kwa ngazi."

 Wakiuru akaomba ubao wa drafti uletwe pale langoni. Mwai, refa, akaja na karatasi yake, akasema sheria ni kuchezea ndani. Akatazama saa, akaandika kando ya jina la Wakiuru: Hakufika.

"Mwai, unaniona?"

"Nakuona, Mama Beth."

"Niko wapi?"

"Uko... kwa mlango."

"Na umeandika sijafika."

Wakiuru akasukuma kiti mpaka kikabana kabisa kati ya vyuma, akakaza breki, akatoa uzi na sindano, akaanza kushona kola ya sweta. Wachezaji waliochelewa wakasimama nje. Waliokuwa ndani wakitamani chai wakasimama ndani.

"Mama, tupishe," mmoja akasema.

"Niwapishe vipi, na mimi sijafika? Muulize refa."

Wakacheka, halafu wakamgeukia Mwai, na sasa hawakuwa wakicheka. Akalikata lile neno polepole, kama anayeng'olewa jino. Ubao ukaletwa, ukawekwa juu ya magoti ya Wakiuru. Njeru, mpinzani wake wa kwanza, akacheza amesimama, kwani langoni hapakuwa na kiti kingine.