Nyapara Aliyetunga Mchezo wa Kushinda Peke Yake

Mchumaji Ojwang alishindwa mchezo wa ajua Jumapili moja mchana, halafu wanawake wakampigia vigelegele.

Si utani. Aliyeshinda, nyapara Bogonko, alikuwa bado ameinama juu ya ubao akikusanya kete zake. Hakuna hata mtu mmoja aliyempa mkono.

Bogonko akaduwaa. Hawa watu wamelogwa ama?

Ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Hii ilikuwa miaka ya thelathini, kwenye shamba moja la chai huko Kericho. Bogonko alikuja kutoka Kisii miguu mitupu, akachuma chai, akapanda cheo mpaka akapewa koti na filimbi. Kambi nzima ikawa inaamka kwa filimbi yake. Na mtu akishapewa filimbi, bwana, anaanza kudhani hata jua linamngoja apulize.

Kitu kimoja tu kilikataa kumheshimu. Ajua.

Unajua ule mchezo: ubao wenye mashimo, unazungusha kete, unakula za mwenzako, mwenye nyingi ndiye mshindi. Kila Jumapili baada ya kanisa Bogonko alikaa chini kucheza. Na kila Jumapili Obonyo, mchumaji wa kawaida tu, alimla mpaka akabaki anayakodolea mashimo macho.

"Pole, nyapara," Obonyo akamwambia siku moja, akicheka. "Hapa filimbi haisaidii."

Jumatatu Obonyo akapelekwa kupasua kuni za kiwanda, kule bondeni kwenye matope.

Bahati mbaya tu. Si ndiyo?

Halafu Bogonko akatangaza kwamba ajua ina kasoro, na kwamba yeye, kwa hekima yake, ameirekebisha. Nyapara ndiye anaanza. Nyapara akikosea, anarudia. Mpinzani akifikiri sana, zamu imempita. Anayecheka ananyang'anywa shimo.

Mchezo safi kabisa. Shida yake ilikuwa moja tu: bado ulihitaji mtu wa pili.

Lakini ajabu, watu walijaa! Wanaume walisukumana wapate kucheza naye. Wanawake waliacha nguo mtoni waje kuangalia. Bogonko akashinda, akashinda, akashinda tena.

"Mama Kebaso," alimwambia mkewe Drusilla, "nimewatungia watu kitu. Umeona vile wanapenda?"

Drusilla akaendelea kukoroga mboga. "Nimeona."

Kitu ambacho Bogonko hakumwambia ni kwamba ushindi ulikuwa umeanza kukosa chumvi. Siku hizi alikuwa anaenda kwa ubao kama mtu anayeenda kazini.

Basi Jumapili ile, vigelegele vya Ojwang vikamfuata mpaka nyumbani.

"Kwani yule wanamshangilia nini? Si nimemshinda?"

Drusilla alijaribu kunyamaza. Wapi! Alicheka mpaka akashika ukuta.

"Baba Kebaso, hao hawachezi na wewe. Wanacheza wao kwa wao. Mtu akikushinda, anaenda kwa kuni. Kushindwa vibaya nayo, kila mtu anaweza. Kwa hivyo wakatunga yao: bingwa ni yule atashindwa na wewe kwa kete moja tu, na wewe usishtuke. Leo Ojwang ndiye wa kwanza kuweza."

"Na mimi je?"

"Wewe? Wewe ni ubao."

Bogonko akatoka nje, akasimama kwenye mvua na koti lake. Angeweza kuwapeleka wote kwa kuni. Lakini kilichomuuma hakikuwa dharau. Ni kwamba mchezo wao ulikuwa mtamu kuliko wake. Ulikuwa na hesabu, na hofu, na siri, na kicheko. Raha zote alizopiga marufuku, walikuwa nazo wao.

Jumapili iliyofuata akamwita Ojwang.

Ojwang akaanza kushindwa kama kawaida. Bogonko naye akaanza kushindwa makusudi.

Ojwang akamtupia kete za bure. Bogonko akazipita.

"Kula basi, nyapara," Ojwang akanong'ona, jasho linamtoka. "Ziko hapo."

"Kula wewe."

Watu wakasogea. Mtu akacheka, na shimo halikunyang'anywa. Bogonko akainamia ubao. Kwa mara ya kwanza tangu atunge mchezo wake, hakujua utaishaje.

Mwishowe Ojwang akabanwa. Kila njia iliyobaki ilikuwa ya kula. Akala, akashinda.

Kila mtu aliona kuni tu.

Bogonko akainua kichwa, akamtafuta Obonyo, aliyesimama nyuma kabisa na viganja vyake vya malengelenge.

"Kesho rudi kwa chai. Na sasa kuja ukae hapa. Tucheze ile ya zamani. Hakuna kurudia."

"Na nikikushinda?"

"Jaribu kwanza!"

Obonyo alimla vibaya kuliko siku zote. Bogonko akakasirika kweli kweli. Akapiga ubao ngumi, akadai kuna kete imefichwa, akataka Obonyo apekuliwe mifuko. Watu walicheka mpaka machozi.

"Panga tena!" akafoka. "Panga, kabla mvua haijaanza!"

Ndugu yangu, ukitunga mchezo ambao wewe huwezi kushindwa, usijiite bingwa haraka. Hapo hapo ulipo kuna mchezo mwingine unaendelea, mtamu kuliko wako, na hujaalikwa.