Ijumaa Chuma Kilipolia Mapema

Ijumaa jioni, nyumbani kwa Manasseh Obwocha pale Gesima, kuna sauti moja ambayo haisikiki tena. Ilikuwa sauti ya jiwe likigonga vigingi ardhini, kisha majani makavu ya migomba yakiburutwa juu ya matuta ya mboga. Kwa miaka minane Manasseh aliisikia bila kujua kwamba anaisikiliza. Sasa ni mwaka wa kumi tangu inyamaze, na kila Ijumaa, kuanzia saa kumi, anajikuta ametega sikio. Anasikia kuku wakigombania mahali pa kulala. Anasikia mto chini bondeni. Nyuma ya jiko hakuna kitu.

Aliyekuwa akigonga vigingi hivyo ni mkewe, Bosibori.

Alimwoa mwaka 1959 kutoka Nyakoe, ambako ardhi imeshuka kidogo na joto linatosha. Mwaka wa kwanza Bosibori alipanda Gesima kama alivyofundishwa kwao, na karibu kila kitu kikamfia. Mipapai ilifika kimo cha goti ikagoma. Maharagwe yalichanua vizuri, halafu alasiri moja mvua ya mawe ikayafanya kama yaliyokanyagwa na ng'ombe. Hakulia wala hakulaumu mtu. Alikaa mwaka mzima akitazama juu, na kufikia mwaka wa pili alikuwa amejua jambo ambalo Manasseh, mzaliwa wa pale, hakuwahi kulitilia maanani: kwamba mawingu ya upande wa ziwa hupanda asubuhi yakiwa meupe na mepesi, kwamba upepo wa baridi wa upande wa Kericho huyangojea juu ya vilima, na kwamba yakikutana, mnamo saa nane au saa tisa, kinachoshuka hakiwi maji.

Ndipo alipoanza kufunika mboga zake. Alisuka viunzi vya fito, akavitandika majani makavu ya migomba, akavifunga kwenye vigingi vinne vinne juu ya kila tuta. Asubuhi alifunua jua liingie, alasiri alifunika. Ijumaa alivigonga vigingi upya jioni ili mboga zikae zimefunikwa Sabato yote, maana Jumamosi mchana, saa ya mawe, hakuna kazi. Esnah, mke wa nduguye Manasseh, ambaye ua wake ulipakana na wao, alikuwa akija kuegemea ua na kumcheka. "Mke mwenzangu, mboga zako zinalala kwenye blanketi na watoto wangu wanalala kwenye gunia. Nizae kabichi safari ijayo?" Bosibori alicheka pamoja naye na kuendelea kugonga.

Bustani yenyewe alipewa na Persis, mama yake Manasseh, muda mfupi kabla ya kufa. Lilikuwa boma la zamani la ng'ombe, nyuma ya jiko, mahali palipolala samadi ya miaka arobaini. Udongo wake ulikuwa mweusi, na saga, ile mboga chungu wanayoipika polepole na maziwa, iliota hapo kama iliyoitwa. Bikizee alimwambia mkwewe kwamba hapo ni pa chakula, asikubali pafanywe kitu kingine.

Kisha chai ikaja. Manasseh alikuwa karani kwenye kituo cha kununulia majani mabichi, na alitaka watu wamwone akifanya anachowahimiza wafanye. Aling'oa wimbi lote. Akapanda miche ya chai kutoka mlangoni hadi barabarani, akawa kila jioni anapita katikati ya mistari yake mikono ikiwa mgongoni. Ilibaki migomba ya uani na lile boma la zamani, na mara mbili alimweleza Bosibori kwamba hata hapo pangeingia miche mia nne. Bosibori alimjibu kwamba miche mia nne hailiwi.

Mwishoni mwa mwaka 1967 mtoto wao wa pekee, Abigael, aliyekuwa na miaka mitatu, aliacha kulia. Hilo ndilo lililowatisha kwanza. Akianguka, halii. Akinyang'anywa kitu, halii. Nywele zake zikageuka rangi ya kutu, na miguu ikavimba. Walimpeleka Kisii mjini. Pale kliniki muuguzi aliubonyeza mguu wa mtoto kwa kidole gumba, akakiondoa, na shimo likabaki.

Muuguzi alizungumza na Bosibori, si na Manasseh. Mboga za majani, maharagwe, maziwa, yai, tunda lililoiva. Kila siku. Si leo na kesho kutwa. "Mkikatiza itarudi," alisema. "Na ikirudi mara ya pili, mama, mimi sitakuahidi kitu."

Tangu siku hiyo kila tuta lilikuwa na kazi yake. Saga na mnavu zilichumwa asubuhi. Maharagwe yalipandwa kwa zamu ili yasikatike. Kwenye ua kulitambaa mpasheni uliozaa matunda mengi, na Bosibori aliyahesabu kwa siku za mtoto: hili la Jumatatu, hili la Jumanne. Ng'ombe wao mmoja alitoa maziwa ya kupikia na kikombe cha kunywa. Kufikia Machi, Abigael alikuwa amepigana na mtoto wa Esnah kwa ajili ya kijiti, na aliposhindwa akalia kwa sauti ya kusikika barabarani. Bosibori alisimama jikoni akamsikiliza, hakwenda kumnyamazisha.

Lakini mwaka huo anga lilikuwa na nia mbaya. Mvua zilifika Februari, kabla mtu hajazitarajia, zikakatika, zikarudi na mawe mara tatu mwezi mmoja. Wenye mahindi walipanda mara mbili. Matuta ya Bosibori peke yake yalikuwa bado mabichi, na watu waliopita walipunguza mwendo kuyatazama.

Manasseh alikuwa pia mzee wa kanisa, na kwa kuwa ndiye aliyekuwa na saa ya mkono, alipewa kazi ya chuma. Chuma chenyewe kilikuwa rimu la gurudumu la lori, lililotundikwa kwenye mti nje ya kanisa. Kila Ijumaa jua likitua alikigonga mara kumi na mbili, na kilima kizima kikajua kwamba Sabato imeingia. Majembe yaliwekwa chini. Aliyekuwa na kuni kichwani alizitua alipofika. Wanawake walikitegemea chuma kuliko jua lenyewe, kwa sababu Gesima jua halionekani kila siku.

Ijumaa moja ya Aprili majani yalikuwa mengi kituoni, na Manasseh alisahau kuitia saa yake ufunguo. Alipoitazama akiwa njiani kwenda kanisani, ilikuwa imesimama saa nane na dakika ishirini. Wingu zito lilikuwa limeshuka mpaka kwenye miti. Kulikuwa giza kiasi kwamba kuku wa jirani walikuwa wakipanda kulala. Alisimama chini ya rimu akiogopa kitu kimoja tu, Sabato iwakute watu na majembe mikononi kwa uzembe wake. Akagonga.

Bosibori alikuwa na matuta matano. Mawili alikuwa amekwisha kuyafunika. Kwenye la tatu alikuwa amegonga vigingi viwili. Aliposikia chuma aliliweka jiwe chini, akaenda kunawa mikono.

Manasseh alifika nyumbani, akaketi nje na kikombe cha uji. Hakuwa amekimaliza wakati mwanga uliporudi. Wingu lilijiinua upande wa magharibi kama pazia linaloshikwa kwa chini, na jua lilikuwa pale, zima, kiasi cha kiganja juu ya mlima. Kuku walishuka. Esnah alitokea uani mwake akasema, "Shemeji, na hilo jua limepotea njia?" Alicheka. Kisha alimwona Bosibori alivyosimama, akaacha kucheka, akaingia ndani.

Bosibori alikuwa akiyatazama matuta. "Baba Abigael," alisema, "jua lipo."

"Chuma kimeshalia."

"Kimelia. Lakini jua lipo. Ni matuta matatu tu, nitamaliza kabla halijagusa mlima."

Kilima kizima kilikuwa kimenyamaza. Hapakuwa na shoka wala jembe lililosikika popote. Watu walikuwa wameketi milangoni pao mwangani, wamenawa, wakiliangalia jua na kungoja. Manasseh alijua kwamba jiwe likigonga kigingi sasa, litasikika mpaka mtoni. Watasema mke wa mzee wa kanisa analima chuma kikiwa kimelia. Au watasema jingine, ambalo ni baya zaidi, kwamba mzee mwenye saa hajui jua.

"Sabato imeingia," alisema.

Bosibori alisimama palepale mpaka jua likatua. Baadaye Manasseh alikadiria kwamba ilichukua karibu saa nzima.

Siku iliyofuata asubuhi ilikuwa ya joto, na kanisani watu walipepea kwa vitabu vya nyimbo. Hakuna aliyemwambia Manasseh neno. Wote walikuwa wameona, na wote walimwamkia kwa heshima ileile, na hilo lilimwelemea shingoni kama mzigo. Walipotoka, mawingu yalikuwa meupe na mepesi, yakipanda.

Saa nane Bosibori alikuwa mlangoni pa jiko, Abigael akiwa kiunoni. Upepo uligeuka. Manasseh aliusikia ukigeuka. Kwa mara ya kwanza maishani mwake aliujua kwa ubaridi wake.

"Nikuulize," Bosibori alisema. "Leo asubuhi ng'ombe tumemkamua?"

"Tumemkamua."

"Kwa nini, na ni Sabato?"

"Akiachwa ataumia."

Bosibori alielekeza kidevu upande wa matuta, akangoja. Manasseh aliitazama mikono yake. Hata leo anaamini kwamba alikuwa anakaribia kufungua mdomo. Jiwe la kwanza lilianguka kwenye bati, likaruka mpaka miguuni pake, kubwa kama yai la njiwa. Kisha hapakuwa na nafasi ya mtu kumsikia mwenzake.

Ilidumu robo saa. Matuta mawili yaliyofunikwa yalikuwa na kabichi na karoti. Matatu yaliyo wazi yalikuwa na saga, mnavu na maharagwe yaliyokuwa yameanza kujaza. Matunda ya mpasheni yote yalikuwa chini, mabichi, yamepasuka.

Jumapili alfajiri Bosibori aliokota majani yaliyochanika, moja moja, akayaosha matope, akayapika. Yalitosha siku tano. Baada ya hapo aliigawa kabichi jani kwa jani. Alipanda upya mara hiyohiyo, mbegu zikaota. Halafu Mei ikaja kavu, jua la wiki nne bila tone, na miche ikakauka ikiwa na majani mawili. Alibeba maji kutoka mtoni mpaka kifua kikamuuma. Ng'ombe naye akapunguza maziwa, na sokoni hapakuwa na mboga za kununua. Mwezi Juni, Ijumaa moja jioni, alimketisha Abigael mbele ya Manasseh, akaubonyeza mguu wake kwa kidole gumba, akakiondoa. Wote wawili walilitazama shimo. Mtoto hakulia.

"Sitaki uniombe radhi mimi," Bosibori alisema. "Kesho ukisimama kutoa matangazo, waambie jua lilikuwa halijatua. Wanawake wa kilima hiki wanaweka jembe chini kwa chuma chako. Nikijua unaweza kusema umekosea, nitapanda tena hapa."

Manasseh alisema atafikiri.

Kesho yake alisimama mbele ya kanisa. Alitangaza wagonjwa wawili, mkutano wa akina mama, na mwavuli uliosahauliwa wiki iliyopita. Bosibori alikuwa benchi la tatu, mtoto mapajani. Manasseh alimwona akimtazama si kwa hasira, bali kama alivyozoea kutazama juu, upande wa Kericho, mchana. Kisha alifunga daftari lake akaketi.

Jumapili asubuhi Bosibori alimfunga Abigael mgongoni. Mbegu za saga alizifunga kwenye pindo la leso. Manasseh alimuuliza anakwenda wapi, ingawa alijua. "Nyakoe," alisema. "Mtoto anakwenda kula."

Wazee walikwenda kumrudisha mara mbili. Aliwapikia vizuri, akawasindikiza mpaka barabarani. Mara ya pili mmoja wao alirudi akamwambia Manasseh, "Yule mama hana ugomvi. Anangoja tangazo." Manasseh aliitikia kwa kichwa. Zimepita Sabato zaidi ya mia tano na hajalitoa. Mwaka 1970 alikiacha chuma, akisema bega linamuuma, na sasa kinagongwa na mtu mwingine. Saa yake huitia ufunguo asubuhi na jioni.

Lile boma la zamani alilipanda chai mwaka uleule Bosibori alipoondoka. Miche ilishika, ikapata manjano kuanzia kingoni, na mwaka wa tatu haukubaki hata mmoja. Bwana shamba aliyekuja kuangalia alichukua udongo kiganjani, akamweleza kwamba chai haipendi mahali palipokuwa boma, samadi na majivu ya zamani huiua, na akashangaa kwamba karani wa chai hakulijua hilo. Manasseh hakupanda tena kitu. Kila mvua zikija, saga huota yenyewe pale kutoka kwenye mbegu za siku nyingi, inafika kimo cha kiganja, na mawe yanaipiga. Hakuna anayeifunika.

Abigael ana miaka kumi na minne na yuko darasa la saba. Bosibori anaishi Nyakoe, nyuma ya soko, kwenye kipande cha ardhi alichopewa na kaka yake Ongeri. Ana matuta tisa.