Kinyozi na Ngege wa Nyumbani

Kinyozi wa Bwera hamalizi kichwa cha mtu bila kuzima mashine na kuchungulia tangi lake la samaki. Wale wadogo wenye mistari, aliowatoa Kampala, aliulizia tabia zao kama mtu anayeozesha binti: huyu mpole? Yule hali majani? Lakini ngege mchanga, samaki wa maji ya jirani huko Katunguru, hakumuulizia lolote. Wa nyumbani haulizwi. Ngege akang'oa majani yote, akanenepa.

"Wale badogo beko wapi?" wateja humuuliza.

Kinyozi hugonga kioo, usawa wa tumbo la ngege. "Beko mule."

"Sasa si umukaange?"

Hupangusa alama ya kidole chake, taratibu. "Kwa kosa gani? Yeye alikula tu. Mwenye aliandaa meza ni mimi."