Vijiko vya Wajomba wa Kondele

Muulize yeyote pale stendi ya bodaboda Kondele juisi nzuri iko wapi, atakuonyesha kwa kidevu tu: kwa Nangila. Embe, pasheni, nanasi, yote anapima kwa jicho, na jicho halikosei.

Basi Nangila alipojaliwa Wechuli, baada ya miaka tisa ya kungoja, alimkalisha kando ya blenda. Mtoto alipofika miezi sita, kila mteja akawa mjomba, na kila mjomba akawa na kijiko cha kumwonjesha juisi. Wechuli akionja embe, alifumba jicho moja, mabega yakatetemeka, halafu huyo, mdomo wazi tena! Wanaume wazima na helmeti zao waliinama kumtazama. Nani kati yetu anakumbuka utamu wake wa kwanza?

Lakini miezi miwili mfululizo uzito wa mtoto haukupanda. Lornah, nesi wa kliniki, akauliza mtoto anakula nini.

"Juisi, sista," Nangila akajibu kwa fahari. "Freshi, ya mkono wangu."

Lornah hakumgombeza. Aliushika mkono wa mtoto, akaukunja ngumi. "Tumbo lake ni kama hii. Ukilijaza maji matamu, maziwa na uji vitaingia wapi? Juisi ingoje atimize mwaka, tena kidogo, kwa kikombe. Sasa mpondee tunda lenyewe."

Nangila aliitazama ile ngumi njia nzima mpaka nyumbani Migosi, mwili ukimsisimka. Kumbe mifupa, sauti, miguu ya kumpeleka mtu mbali, yote hupitia padogo vile!

Kesho yake Opondo wa bodaboda akaja na kijiko. Nangila akakizuia.

"Yawa! Mama Wechuli, mwenye ziwa la juisi anamnyima mtoto tone?"

"Kunja ngumi, Opondo." Akaiweka kando ya ile ya mtoto. "Tumbo lake ni hiyo ndogo."

Opondo akatazama. Akatazama tena. Akarudisha kijiko polepole.

"Na sisi hapa," akasema, "tuko kumi na wanane."

Siku mbili Wechuli alilia. Blenda ikinguruma, anafungua mdomo. Hapati kitu, anapiga yowe. Nangila naye alikatakata nanasi huku machozi yanamtoka. Siku ya tatu mtoto alijigeuza mwenyewe, akalitafuta titi, akanyonya mpaka kipaji cha uso kikatoka jasho. Jioni akala paipai la kupondwa, likamjaa hadi nyusi. Kesho yake akamaliza bakuli la uji.

Mwezi ulipofika, Lornah alimtundika kwenye mizani. Nangila hakuthubutu kuangalia. Akasikia kalamu ikikwaruza kitabu.

"Ameongeza gramu mia sita, mama."

Akafungua macho. Mshale ulikuwa umesogea, umetulia, na chini yake Wechuli anachezesha miguu hewani.

"Mpime tena, sista," akasema kwa sauti ndogo. "Si kwamba sikuamini. Nataka tu kuona."

Foleni ilikuwa ndefu, lakini Lornah akampima tena.